Lugha, Dola na Taifa: Namna Utambulisho wa Kitaifa Ulivyojengwa katika Ufaransa, Ujerumani na Italia

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna madola ya kitaifa yalivyoundwa barani Ulaya na nafasi ya lugha katika uundaji huo. Fikra iliyoenea ni kwamba kila taifa la Ulaya lilikuwapo tangu zamani likiwa na lugha yake moja, na kwamba dola lilikuja baadaye kuliwekea mipaka. Mifano ya Ufaransa, Ujerumani na Italia inaonesha kwamba, kwa kiasi kikubwa, mambo yalikwenda kinyume chake: lugha moja ya taifa ilikuwa zao la utawala, shule, jeshi na uchapishaji. Makala inahitimisha kwamba suala hili si la historia ya Ulaya pekee, kwa kuwa kipimo cha lugha moja kwa taifa moja kimetumika pia kuzihukumu nchi za Afrika, ilhali Ulaya yenyewe haikukitimiza.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya historia na isimujamii, nchi za Ulaya huchukuliwa mara nyingi kuwa mfano wa mataifa ya asili. Ufaransa ni ya Wafaransa wanaosema Kifaransa. Ujerumani ni ya Wajerumani wanaosema Kijerumani. Italia ni ya Waitaliano wanaosema Kiitaliano. Kwa upande mwingine, nchi za Afrika huelezwa kuwa ni za kubuniwa, kwa hoja kwamba mipaka yake ilichorwa na wageni na kwamba ndani yake mna lugha nyingi. Ulinganishi huo unategemea dhana kwamba Ulaya ilifika ilipo bila ya kubuni chochote.

Makala hii inaichunguza dhana hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba umoja wa lugha unaoonekana leo katika nchi hizo tatu haukuwapo wakati madola yake yalipoundwa. Ulijengwa baadaye, kwa juhudi za makusudi, kwa gharama kubwa, na katika baadhi ya maeneo kwa nguvu. Makala inaanza kwa kufafanua dhana za msingi, kisha inaeleza mifano mitatu inayotofautiana kwa namna dola na taifa vilivyofuatana, na hatimaye inajadili maeneo ambako kigezo cha lugha hakikutosha.

2.0 Dhana za Msingi

Maneno dola na taifa yote yana asili ya Kiarabu. La kwanza lilihusu utawala au nasaba inayotawala; la pili lilimaanisha kundi au sehemu ya watu. Asili hiyo inasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo katika matumizi ya kila siku huchanganywa. Dola ni chombo: lina mipaka, sheria, kodi, mahakama na jeshi. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja na wanaodai kwamba umoja huo uheshimiwe kisiasa. Dola la kitaifa, basi, ni lile linalodai kwamba mipaka ya chombo na mipaka ya watu hao inalingana.

Kabla ya mwisho wa karne ya 18, dai hilo halikuwa na uzito mkubwa. Wafalme wa Ulaya walitawala watu wa lugha nyingi bila kuona tatizo. Nasaba ya Habsburg, mathalani, ilitawala Wajerumani, Wacheki, Wahungaria, Wakroati na wengineo, na ilichotaka kwao ni utii na kodi. Mkulima alijitambulisha kwa kijiji chake, kwa dini yake na kwa bwana wake. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliubadili msingi huo. Mamlaka yaliyokuwa ya mfalme yalitangazwa kuwa ya taifa, na kwa hiyo likazuka swali ambalo wafalme hawakuhitaji kulijibu: taifa ni nani?

Wanazuoni wametofautiana katika kulieleza jambo hili. Gellner (1983) anahusisha utaifa na jamii ya viwanda, ambayo ilihitaji wafanyakazi waliosoma na wanaoweza kuelewana hata kama hawafahamiani. Anderson (1983) analiona taifa kuwa jamii inayojengwa katika fikra, na anasisitiza mchango wa biashara ya uchapishaji, kwani wasomaji wa vitabu na magazeti ya lugha moja walianza kujihisi kuwa wenzi hata bila kuonana. Smith (1986) anatahadharisha kwamba mataifa hayakujengwa kutoka hewani, bali yalitumia kumbukumbu, hekaya na mila zilizokuwapo. Mitazamo hii mitatu inakamilishana: malighafi ilikuwapo, lakini jengo lilihitaji wajenzi.

3.0 Ufaransa: Dola Lililotangulia Taifa

Ufaransa ni mfano wa dola lililokuwapo kwa karne nyingi kabla ya wakazi wake wengi kujiona kuwa taifa moja. Mwaka 1539, kwa Amri ya Villers-Cotterêts, Mfalme François I aliagiza kwamba nyaraka za kisheria ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Mwaka 1635 Kardinali Richelieu alianzisha Chuo cha Lugha ya Kifaransa ili kusimamia usanifu wake. Hata hivyo, hatua hizo ziliwagusa wanasheria, makarani na waandishi. Wakulima wa Brittany waliendelea kusema Kibretoni, wa kusini Kioksitani, wa Alsace lahaja za Kijerumani, na wa mpakani mwa Hispania Kibaski na Kikatalani.

Mwanzoni, viongozi wa Mapinduzi waliukubali wingi huo. Mwaka 1790 waliamua kwamba maazimio yao yatafsiriwe katika lugha za mikoa ili kila raia ayaelewe. Mwaka huohuo, padri Henri Grégoire alituma hojaji katika mikoa mbalimbali kuuliza kuhusu lugha zilizotumika huko. Taarifa aliyoiwasilisha bungeni mwaka 1794 ilionesha kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakuijua kabisa lugha ya taifa, wengine milioni 6 hivi hawakuweza kuendesha mazungumzo kwa lugha hiyo, na walioisema vizuri hawakuzidi milioni 3. Wakati huo nchi ilikuwa na watu takribani milioni 28. Makadirio hayo si sensa, lakini yanatosha kuonesha kwamba katika nchi iliyojitangaza kuwa taifa moja, wasemaji fasaha wa lugha ya taifa walikuwa wachache.

Kufikia wakati huo msimamo wa serikali ulikuwa umegeuka. Grégoire alipendekeza lugha za mikoa zifutwe, na mwanzoni mwa mwaka 1794 Bertrand Barère alikwisha kuzihusisha na maadui wa Mapinduzi. Mantiki yao haikuwa ya chuki tupu. Waliamini kwamba raia asiyeielewa lugha ya sheria hawezi kuwa sawa na mwenziwe, na kwamba usawa unahitaji lugha moja. Humo ndimo ulimo mkanganyiko uliofuata utaifa wa Ulaya tangu hapo: jambo lililotolewa kama haki kwa wote lilidai pia kwamba baadhi yao waache kuwa walivyokuwa.

Nia hiyo haikuwa na nyenzo hadi miaka mia moja hivi baadaye. Takwimu za serikali za mwaka 1863, ambazo Weber (1976) anazichambua, zinaonesha kwamba takribani robo ya wakazi walikuwa bado hawasemi Kifaransa. Kwa mujibu wa mwanazuoni huyo, wakulima waligeuka kuwa Wafaransa hasa kati ya mwaka 1870 na 1914, na vilivyowageuza ni barabara, reli, jeshi na shule. Sheria za Waziri Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 zilifanya elimu ya msingi kuwa bure, ya lazima na isiyofungamana na dini. Sheria ya jeshi ya mwaka 1889 ilipunguza misamaha, hivyo vijana wa mikoa tofauti walikutana kambini wakipewa amri kwa Kifaransa.

Shule ilifundisha zaidi ya lugha. Kitabu kilichosomwa na watoto wengi, kilichochapishwa mwaka 1877 na mwandishi aliyetumia jina la G. Bruno, kilisimulia safari ya ndugu wawili yatima kutoka Lorraine wanaozunguka nchi nzima. Mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kuvuka mto wa jirani alijifunza humo kwamba milima, bandari na viwanda ambavyo hatavitembelea ni vyake. Wakati huohuo, katika shule za Brittany na za kusini, mtoto aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alipewa kitu cha kuvaa au kukibeba kama alama ya aibu, naye alikikabidhi kwa mwenzake atakayemsikia akitenda kosa hilohilo. Adhabu hiyo iliwafundisha watoto Kifaransa. Iliwafundisha pia kuionea haya lugha ya mama zao na kupelelezana.

4.0 Ujerumani: Lugha Iliyotafuta Dola

Kwa Wajerumani mpangilio ulikuwa tofauti. Hapakuwa na dola moja, bali palikuwa na lugha ya maandishi iliyosomwa katika madola mengi. Tafsiri ya Biblia ya Martin Luther, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, iliipa lugha hiyo msukumo mkubwa. Baada ya Dola Takatifu la Kirumi kuvunjika mwaka 1806, Shirikisho la Ujerumani lililoundwa mwaka 1815 lilikuwa na wanachama 39, kuanzia falme kubwa kama Prusia hadi miji huru.

Katika mazingira hayo, wanafikra waliitafuta Ujerumani mahali pasipokuwa na mfalme wala mpaka. Johann Gottfried Herder alikwisha kufundisha kwamba kila umma una tabia yake inayojitokeza katika lugha, nyimbo na masimulizi yake. Herder hakuutukuza umma mmoja juu ya mingine; aliwahurumia pia Waslavi waliodhulumiwa. Hata hivyo, baada ya majeshi ya Napoléon kuiteka Prusia, fikra hizo zilichukua sura ya kisiasa. Johann Gottlieb Fichte, katika mihadhara yake ya Berlin ya mwaka 1807 na 1808, aliitumia lugha kuwa hoja ya kuwatofautisha Wajerumani na waliowatawala. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, wanaojulikana kwa ngano walizoanza kuzichapisha mwaka 1812, walianza pia kutoa kamusi kubwa ya Kijerumani mwaka 1852. Katika kazi hizo, fasihi simulizi na isimu zilitumika kuthibitisha kwamba taifa lipo hata kama dola halipo.

Hata hivyo, dola lenyewe halikuletwa na kamusi. Umoja wa Forodha ulioanza tarehe 1 Januari 1834 uliyaunganisha masoko. Bunge la Frankfurt la mwaka 1848 lilijaribu kuunda Ujerumani kwa njia ya katiba, lakini Mfalme wa Prusia alilikataa taji lililotolewa na bunge hilo mwaka 1849. Kilichofanikiwa ni vita vitatu chini ya uongozi wa Otto von Bismarck: dhidi ya Denmark mwaka 1864, Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870 na 1871. Dola jipya lilitangazwa tarehe 18 Januari 1871 katika kasri la Versailles, kwenye ardhi ya nchi iliyoshindwa.

Dola hilo halikulingana na lugha iliyodaiwa kuwa msingi wake. Mamilioni ya wasemaji wa Kijerumani walibaki Austria, ilhali ndani ya mipaka mipya walikuwamo Wapolandi, Wadenmaki na wasemaji wa Kifaransa wa Lorraine. Hata usanifu wa lugha yenyewe ulikuwa haujakamilika: mkutano wa tahajia wa mwaka 1876 haukufikia muafaka, na tahajia ya pamoja ilipatikana katika mkutano wa mwaka 1901. Mwaka huo wa 1901, katika mji wa Września, watoto wa Kipolandi walichapwa kwa kukataa kujibu kwa Kijerumani katika somo la dini, na wazazi waliolalamika walishtakiwa na kufungwa. Taifa lililojieleza kwa haki ya lugha yake liliwanyima wengine haki ileile.

Mgogoro wa Alsace, iliyochukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, uliiweka wazi tofauti ya nadharia. Kwa wanazuoni wengi wa Kijerumani, wakazi wa Alsace walikuwa Wajerumani kwa sababu ya lugha na asili yao, hata kama wengi wao hawakutaka. Ernest Renan, katika mhadhara wake wa Sorbonne wa mwaka 1882, alijibu kwamba taifa halitokani na lugha, dini wala damu, bali na kumbukumbu za pamoja na ridhaa ya watu kuendelea kuishi pamoja. Aliongeza jambo lisilopendeza: kwamba watu wa taifa moja hulazimika pia kusahau mengi waliyotendeana. Hata hivyo, katika Ufaransa ya Renan mwenyewe, watoto wa Kibretoni hawakuulizwa kama wameridhia.

5.0 Italia: Dola Bila Wasemaji

Mfano wa Italia ndio unaoshangaza zaidi. Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861, na Roma iliunganishwa nao mwaka 1870. Kwa mujibu wa makadirio ya De Mauro (1963), waliokuwa wakisema Kiitaliano wakati wa muungano walikuwa asilimia 2.5 tu ya wakazi. Castellani (1982) aliyapinga makadirio hayo kwa kuwajumuisha wakazi wa Toscana na maeneo ya karibu na Roma, naye akafikia karibu asilimia 10. Hata tukikubali kiwango cha juu, Waitaliano tisa kati ya kumi hawakuisema lugha iliyobeba jina lao. Takribani robo tatu ya watu hawakujua kusoma. Waziri Mkuu Cavour mwenyewe alizoea zaidi Kifaransa.

Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu iliyojengwa juu ya lahaja ya Florence, ambayo ilipata heshima kutokana na waandishi wa karne ya 14. Mwandishi Alessandro Manzoni, mzaliwa wa Milano, aliiandika upya riwaya yake mashuhuri ili iendane na usemaji wa Florence, na toleo hilo lilitoka kati ya mwaka 1840 na 1842. Mwaka 1868 aliishauri serikali kwamba usemaji huo uenezwe nchini kote kupitia walimu na kamusi. Graziadio Isaia Ascoli, mwanaisimu, alimpinga kwa hoja kwamba lugha ya taifa haiwezi kuamriwa kutoka mji mmoja. Itakua pale elimu na mawasiliano vitakapopanuka.

Historia ilielekea kumuunga mkono Ascoli. Kilichowafanya Waitaliano waelewane ni uhamaji wa watu kwenda mijini na viwandani, shule, utumishi wa jeshi, mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia na, baada ya mwaka 1954, televisheni. Kati ya mwaka 1960 na 1968, mwalimu Alberto Manzi aliendesha kipindi cha televisheni cha kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, karibu miaka mia moja baada ya taifa lao kutangazwa. Njia ya shuruti ilitumika pia. Chini ya utawala wa kifashisti, mageuzi ya elimu ya mwaka 1923 yaliondoa Kijerumani katika shule za Tirol ya Kusini, pamoja na Kislovenia na Kikroati katika maeneo ya mashariki.

6.0 Pale Ambapo Lugha Haikutosha

Ikiwa lugha moja ndiyo sharti la taifa, Uswisi haingepaswa kuwapo. Katiba yake ya mwaka 1848 iliitambua Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano kuwa lugha za taifa, na Kiromanshi kiliongezwa mwaka 1938. Utambulisho wake ulijengwa juu ya taasisi za pamoja na mamlaka ya majimbo.

Kwa upande mwingine, jaribio la kulinganisha mipaka na utambulisho lilileta maafa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, madola mapya yalichorwa kwa jina la haki ya mataifa kujitawala, lakini takribani theluthi moja ya raia wa Poland hawakuwa Wapolandi. Mwaka 1923, kwa mkataba uliotiwa saini Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa lazima. Zaidi ya watu milioni 1 walihesabiwa upande wa Ugiriki na laki kadhaa upande wa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini. Wakristo wa Anatolia waliosema Kituruki walipelekwa Ugiriki, na Waislamu wa Krete waliosema Kigiriki walipelekwa Uturuki. Wote waliambiwa kwamba wanarudi kwao, ilhali wengi wao walifika mahali ambapo hawakuweza kuzungumza na majirani zao.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika Ufaransa dola lilitangulia, katika Ujerumani lugha ya maandishi ilitangulia, na katika Italia dola lilitangazwa wakati lugha ya taifa ilikuwa na wasemaji wachache mno. Pamoja na tofauti hizo, matokeo yalijengwa kwa nyenzo zinazofanana: shule, jeshi, usafiri, uchapishaji na sheria. Kusema hivyo hakumaanishi kwamba mataifa hayo ni ya uongo. Nyumba iliyojengwa ni nyumba ya kweli, na watu huishi ndani yake. Kinachokanushwa ni dai kwamba iliota yenyewe.

Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, alama ya aibu ya shule za Brittany haikubaki Brittany. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, anaeleza namna watoto wa Kenya walivyovishwa kibao kwa kosa la kusema Kigĩkũyũ shuleni. Popote kinapotokea, kitendo hicho humfundisha mtoto kwamba elimu huanza kwa kuidharau lugha ya nyumbani kwake. Pili, lugha yetu yenyewe huandika taifa kwa Wabretoni au Waskoti, na kabila kwa jamii za Afrika zenye watu wengi kuliko hao. Uteuzi huo wa maneno hautokani na tofauti iliyothibitishwa, umerithiwa.

Aidha, Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, husemwa wakati mwingine kuwa ni cha kutengenezwa. Kweli kilitengenezwa, kama Kiitaliano cha Manzoni na tahajia ya Kijerumani ya mwaka 1901. Swali la kuuliza kuhusu lugha ya taifa lolote, basi, si kama ilijengwa, bali ni kwa njia ipi, na lugha zilizokuwapo kabla yake zilifanywa nini. Kwa msingi huo, makala inapendekeza kwamba tafiti za sera ya lugha zinazolinganisha Afrika na Ulaya ziitazame Ulaya ilivyokuwa wakati wa ujenzi wake, badala ya kuitazama ilivyo leo baada ya ujenzi kusahauliwa.